Taa za barabara ya mtaa: uombe zipi, na barua uipeleke wapi

Mkutano wa mtaa ukigusa suala la taa za barabarani, mjadala hukimbilia taa yenyewe. Yupo anayetaka za sola kwa kuwa hazihitaji LUKU, yupo anayezikataa kwa kuwa aliwahi kuziona zikififia kabla ya saa sita usiku, na hakosekani anayetaka mlingoti mrefu kama ule wa stendi ili mtaa mzima uwe kama mchana. Nimeshiriki kuandaa maombi ya namna hii mara tatu hapa Dar es Salaam, na nilichokiona ni kwamba ofisi inayopokea barua huwa na maswali mawili kabla hata ya kutazama aina ya taa: nani atalipa umeme kila mwezi, na nani atapanda nguzo siku taa itakapozimika. Barua yetu ya kwanza haikugusa hata moja kati ya hayo. Ilikaa ofisini zaidi ya mwaka, kisha ikarudi na sentensi moja ya kutuelekeza kwingine, maana tuliipeleka pasipohusika.

Kwa hiyo ulinganisho huu unazipima ofisi, njia za kupata fedha na aina za taa kwa maswali hayo mawili kwanza, na mwanga unafuata baadaye. Mifano ni ya Dar es Salaam, lakini mkazi wa Mwanza, Arusha au Dodoma ataukuta mpangilio ule ule wa ofisi.

Matengenezo au maboresho?

Kabla ya kuandika chochote, watu wawili au watatu wapite barabara nzima usiku wakiwa na daftari, wahesabu nguzo na waandike hali ya kila moja. Kazi hii ya saa moja huamua aina ya ombi. Taa moja ikiwa imezimika katikati ya zinazowaka, hitilafu iko kwenye nguzo hiyo: balbu, draiva (kifaa kinachoipa LED umeme unaoifaa) au fyuzi yake. Zikiwa zimezimika kuanzia nguzo fulani hadi mwisho wa barabara, waya umekatika au umeibwa kati ya nguzo ya mwisho inayowaka na ya kwanza iliyozimika. Barabara nzima ikiwa giza, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye kisanduku cha kuwashia, yaani kontakta au sakiti breka, au mita ya LUKU imeishiwa uniti na hakuna aliyekumbuka kuijaza. Taa zinazowaka saa sita mchana zina kihisi mwanga kibovu. Na ile taa ya rangi ya chungwa inayowaka dakika chache, ikazimika, kisha ikawaka tena, ni balbu ya sodiamu inayokaribia mwisho wa umri wake.

Hayo yote ni matengenezo. Hayahitaji kusubiri bajeti ya mwaka ujao, na ukiyaita maboresho unaipa ofisi sababu ya kukuambia usubiri. Barua ya matengenezo iwe fupi, itaje idadi ya nguzo na mahali ilipo kila yenye hitilafu, na iende moja kwa moja kwa mhandisi anayehusika. Malalamiko yanaweza pia kuingizwa kwenye mfumo wa serikali wa e-Mrejesho, ambao faida yake kubwa ni kuacha kumbukumbu ya tarehe.

Maboresho ni jambo jingine: barabara haina taa kabisa, au nguzo zipo mbalimbali mno, au taa zilizopo ni za zamani na zinakula umeme mwingi kwa mwanga hafifu. Katika hali hiyo ya tatu lipo ombi ambalo mitaa mingi hailifikirii, nalo ni kubadilisha vichwa vya taa peke yake huku nguzo na waya vikibaki. Hakuna kuchimba, hakuna nguzo mpya, wala hakuna mgogoro wa kuhamisha kibanda cha mtu. Kama nguzo zenu ni nzima, lianzeni hilo kabla ya mengine yote.

TANROADS, TARURA au halmashauri

Mwenye barabara ndiye mwenye taa, kwa kiasi kikubwa. Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, husimamia barabara kuu na za mikoa. Barabara ya Morogoro ni sehemu ya T1, barabara kuu inayoanzia Dar es Salaam na kwenda hadi Tunduma. Zipo pia Mandela, Nyerere, Kilwa na Bagamoyo. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianzishwa mwaka 2017 na kukabidhiwa barabara za wilaya ambazo awali zilikuwa chini ya halmashauri, ndiyo maana wazee wengi wa mitaa bado wanapeleka barua za barabara kwa Mkurugenzi kwa mazoea. Halmashauri zenyewe, ambazo hapa ni Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Ilala, kabla ya mabadiliko ya mwaka 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, zimebaki na masoko, stendi, viwanja vya wazi, mapato yao ya ndani na Baraza la Madiwani.

Mtaa unapolinganisha milango hii mitatu, tofauti kubwa ni umbali kati ya mwananchi na anayeamua. TANROADS iko mbali. Taa zake kwa kawaida huja na mradi wa barabara, nguzo zake ni imara na mpangilio wake hufuata usanifu wa kihandisi, lakini barua ya mtaa mmoja haibadilishi kirahisi kilichokwisha kusanifiwa. Wakati pekee ambao sauti ya mtaa ina uzito ni pale barabara inapopimwa au inapoandaliwa kwa ukarabati, na mhandisi akaitisha wakazi kuwaeleza. Hapo ndipo pa kusema kwamba kituo cha daladala kiko upande usio na taa, au kwamba wanafunzi wa zamu ya asubuhi huvuka mahali fulani kabla ya jua kuchomoza.

TARURA iko karibu, meneja wake wa wilaya anafikika, na mhandisi wake anaweza kuja kuikagua barabara yenu. Tatizo lake ni ushindani. Ofisi hiyo hiyo ina mashimo, madaraja madogo na mifereji inayofurika kila masika, na mbele ya mfereji uliobomoka taa huonekana kama anasa. Nimeona maombi yakipita kirahisi zaidi pale yalipofungwa pamoja na kazi nyingine: barabara inapowekwa lami, mtaa unaomba taa ziingie kwenye mkataba huo huo, kwa sababu mtaro wa waya ukichimbwa kabla ya lami gharama yake ni ndogo, na ukichimbwa baada ya lami unakuwa uharibifu. Mradi wa DMDP, yaani wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2015, ulijenga barabara za mitaa Kinondoni, Ilala na Temeke kwa mtindo huo, mifereji na taa zikiwa sehemu ya kazi moja. Anayekaa jirani na barabara hizo anajua tofauti yake na barabara iliyopata lami peke yake.

Halmashauri ndiyo mlango sahihi kwa soko, stendi na uwanja wa wazi. Kwa barabara ni mlango wa kusukumia ombi zaidi kuliko wa kutekelezea, kwa kuwa diwani anaweza kuibana TARURA ndani ya Baraza kwa namna ambayo mwenyekiti wa mtaa hawezi. Barua inayomhusu Meneja wa TARURA wa Wilaya, ikipitia kwa Mtendaji wa Kata na nakala ikaenda kwa Mkurugenzi na kwa Mheshimiwa Diwani, huwa imegonga milango miwili bila kuchanganya madaraka.

Kuna njia ambazo hazimo kwenye mtandao wa barabara wa wakala wowote, hasa vichochoro vya Uswahilini vilivyobaki kati ya nyumba na nyumba. Kwa hizo, kuomba taa za nguzo ndefu ni kujichosha. Nitazirudia nikifika kwenye sola na taa za nyumba.

Bajeti, Mfuko wa Jimbo au michango

Njia ya bajeti ni ndefu lakini ndiyo pekee inayoweza kubeba gharama za kila mwaka. Ombi hujadiliwa katika mkutano wa wakazi, likaingia kwenye muhtasari, likapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni Mtendaji wa Kata, kisha likapanda wilayani. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili, na halmashauri huwa zimepitisha mapendekezo yao wiki nyingi kabla ya hapo. Ukirudisha hesabu nyuma, ombi la taa lisilokuwa kwenye muhtasari wa kata kufikia Novemba halina nafasi nzuri kwa mwaka unaofuata. Mitaa mingi huandika barua mwezi Machi au Aprili, mvua na giza vikiwa vimewachosha watu, na wakati huo gari limeshaondoka.

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni wa haraka zaidi na kamati yake huongozwa na Mbunge. Unafaa kwa kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho, kwa mfano taa chache kwenye kona ya zahanati. Haufai kwa kitu kinachodai fedha kila mwezi, na mtaa unaoutumia kuweka taa za umeme wa gridi unapaswa kuwa na maandishi ya nani ataipokea mita. Pasipo maandishi hayo, miezi mitatu baada ya uzinduzi wenye turubai na ngoma mita itakuwa ikilia peke yake.

Michango ya wakazi huleta taa mapema kuliko njia zote, na mimi siikatai, lakini ina mitego miwili. Eneo la barabara ni hifadhi yenye mwenyewe, hivyo nguzo ikisimikwa bila kibali cha maandishi inaweza kung'olewa bila fidia, na vivyo hivyo nguzo za TANESCO hazifungwi taa na fundi yeyote aliyejitolea, hata kama ni kijana wa mtaani anayeaminika. Mtego wa pili ni wa baadaye: taa iliyonunuliwa kwa michango bila makubaliano ya kukabidhiwa hubaki mali ya kila mtu, na siku betri inapokufa mchango wa pili haupatikani kama wa kwanza.

Sodiamu, LED ya gridi, sola

Hapa ndipo hesabu inaposaidia kuliko maneno. Chukua barabara ya mtaa yenye urefu wa mita 300, na nguzo zikiwa zimeachana mita 30, nafasi ya kawaida kwa nguzo za mita 8 hadi 10. Utahitaji nguzo 11. Usiku wetu una takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kila taa itawaka kama saa 360 kwa mwezi.

Taa ya sodiamu ya wati 250 hutumia karibu wati 280 ukijumlisha balasti yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa balbu), sawa na uniti 100 hivi kwa mwezi. Kwa bei ya TANESCO ya kundi la T1 (isichanganywe na T1 ya barabara), ambayo ni shilingi 292 kwa uniti na hufikia takriban shilingi 356 baada ya kodi na tozo, taa moja ingekula karibu shilingi 35,900 kwa mwezi. Taa 11 zingefika kama shilingi 395,000 kwa mwezi, au milioni 4.7 kwa mwaka. LED ya wati 100, ambayo kwa barabara ya mtaa inatosha kushika nafasi ya sodiamu hiyo, hutumia uniti 36, yaani shilingi 12,800 hivi kwa mwezi. Taa 11 ni shilingi 141,000 kwa mwezi na milioni 1.7 kwa mwaka. Tofauti ni takriban shilingi milioni 3 kila mwaka kwa barabara moja fupi. Sijaona aya iliyofanya kazi kubwa kwenye barua zetu kuliko hiyo, kwa sababu inamwonyesha mhasibu kwamba maboresho yanapunguza bili.

Umri nao unaelemea upande huo huo. Balbu nzuri ya sodiamu huhesabiwa saa 24,000, ambazo kwa matumizi yetu ni miaka mitano na nusu, na mwanga wake hupungua polepole kabla ya hapo. LED ya kiwango cha kawaida huhesabiwa saa 50,000 au zaidi, sawa na miaka 11, ingawa kinachokufa kwanza mara nyingi ni draiva yake, inayochoshwa na joto na kupanda na kushuka kwa umeme. Ndiyo maana inafaa kuomba kwa maandishi kinga dhidi ya umeme unaopanda ghafla. Kwa rangi, sodiamu hufanya kila kitu kiwe cha chungwa, na usiku huwezi kusema kwa uhakika kama shati la mtu lilikuwa la kijani au la bluu. Chini ya LED shahidi anaweza kusema. Sodiamu ina sifa moja ninayoikiri, kwamba mwanga wake hauchomi macho wala haupenyi mapazia kama LED nyeupe sana. Jibu lake ni kuomba LED zenye mwanga wa joto, wa kelvini 3000, na zinazoelekeza mwanga chini.

Kati ya LED ya gridi na sodiamu, basi, sioni mjadala wa maana. Mjadala uko kati ya LED ya gridi na sola.

Sola inajibu swali la kwanza kati ya yale mawili vizuri kuliko zote: hakuna bili. Haizimiki umeme ukikatika, haihitaji mtaro wa waya, na wezi wa waya hawana cha kufukua. Swali la pili ndilo linaloiangusha. Betri ya risasi iliyozoeleka huanza kuchoka ndani ya miaka miwili hadi minne. Ya lithiamu hudumu zaidi, lakini ni ghali na ina soko la pili mitaani, kwa hiyo huibwa. Yeyote anayekabidhiwa taa za sola anakabidhiwa pia ununuzi wa betri ambao hauepukiki, na bajeti ya ununuzi huo ni ngumu kuitetea kuliko bili ya umeme, kwa kuwa bili huja kila mwezi na kuzoeleka, wakati betri 11 hudaiwa kwa mkupuo siku ambayo hakuna aliyekuwepo wakati taa zinazinduliwa.

Kisha kuna suala la ukubwa, ambalo wauzaji hawalisemi. Taa inayotumia wati 30 halisi kwa saa 12 inahitaji wati-saa 360 kila usiku. Ukihesabu saa nne na nusu za jua kamili kwa siku na upotevu wa asilimia 30, inahitaji paneli ya wati 115 hivi, tuseme 120. Ili ivumilie usiku mbili za mawingu ya masika bila kuimaliza betri kabisa, betri iwe ya wati-saa 900 hivi. Zile taa zenye paneli ndogo iliyobandikwa juu ya taa yenyewe, ambazo boksi limeandikwa wati 300, haziwezi kufanya kazi hiyo. Namba ya kwenye boksi haina uhusiano na jua. Ndizo zinazofifia kabla ya saa sita usiku na kuipa sola jina baya. Anayeomba sola aombe kwa maandishi ukubwa wa paneli, uwezo wa betri kwa wati-saa na saa za kuwaka, asiombe kwa wati za boksi.

Mahali pia pana kauli. Mwembe au mwashoki ukiitupia paneli kivuli mchana, usiku taa italala mapema, na hakuna mtaa utakaokubali kukata mwembe wa mtu kwa ajili ya taa. Vumbi la barabara isiyo na lami huziba paneli hadi mvua inyeshe. Pwani kabisa, kama Kigamboni na Msasani, chumvi ya hewani hula nguzo na boliti zisizopakwa zinki vizuri. Hilo linazihusu hata za gridi, ila nguzo ya sola hubeba uzito mkubwa zaidi juu na hukamata upepo.

Uamuzi wangu ni kwamba barabara iliyo kwenye mtandao wa TARURA na yenye laini ya TANESCO karibu iombewe LED ya gridi, hata kama sola inavutia. Sola ninaiweka kwenye njia ambazo laini haijafika au ambako kuchimba mtaro hakuwezekani, na idadi iwe ndogo: taa tano zilizopimwa vizuri na kuwekwa kwenye kona, kisimani na mwanzo wa kichochoro zina faida kuliko taa 20 za maboksi.

Mlingoti mrefu

Wakenya wameupa jina lisiloshindika, mulika mwizi, jina ambalo baadaye lilihamia kwenye simu ndogo zenye tochi. Milingoti ya namna hiyo, inayofika mita 30, imesimikwa katika makazi kama Kibera na Mathare, Nairobi. Kenya, kwa njia, ina urahisi mmoja tusio nao: Jedwali la Nne la Katiba yao ya mwaka 2010 linataja taa za barabarani waziwazi miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo mkazi anajua pa kuanzia.

Mlingoti mmoja hulinganishwa na nguzo nyingi fupi, na mahali penye uwazi unashinda. Soko, stendi ya daladala, uwanja wa mpira na makutano makubwa hupata mwanga mpana kwa shimo moja tu la msingi, na mama lishe na wauza matunda wanaongeza saa za biashara bila kibatari. Lakini mwanga unaotoka juu sana hukatwa na kila ukuta. Katika mtaa wa nyumba zilizobanana, upande mmoja wa nyumba unakuwa mchana na wa pili unakuwa na giza zito zaidi kuliko awali, kwa sababu jicho limeshazoea mwanga. Tena mlingoti ukizimika, eneo lote linazimika pamoja nao, na fundi hawezi kuufikia kwa ngazi. Panahitajika winchi au gari la kunyanyulia. Uombwe kwa halmashauri kwa ajili ya maeneo yake ya wazi, usiombwe kwa barabara ya makazi.

Taa za nyumba zenyewe

Kuna njia ambayo haipiti ofisi yoyote: kila nyumba kuwasha taa moja ya nje inayotazama njia. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku kucha hutumia uniti tatu na robo kwa mwezi, kama shilingi 1,150 kwa bei ile ile ya 356. Kwa kichochoro ambacho hakimo kwenye mtandao wa wakala wowote, hii ndiyo taa halisi ya barabara, na kamati ya ulinzi shirikishi inaweza kuisimamia kuliko mhandisi. Udhaifu wake ni kwamba nyumba yenye mgogoro na majirani, au isiyo na mpangaji, ndiyo hubaki giza, na mara nyingi iko pale pale penye vibaka. Nyumba hizo mbili tatu zilizobaki ndizo za kuziombea sola tano nilizozitaja.

Barua yenyewe

Mtaa ukishachagua, barua ya maboresho iandikwe na serikali ya mtaa, ikiwa na Yah. inayotaja jina la barabara, urefu wake na kinachoombwa, kwa mfano: «Ombi la kuwekewa taa 11 za LED zinazotumia umeme wa gridi katika barabara yenye urefu wa mita 300, kuanzia shule ya msingi hadi makutano ya barabara kuu.» Baada ya hapo zifuate aya chache tu: hali ilivyo usiku kwa mujibu wa ukaguzi wa daftari na tarehe yake, nani wanaoitumia barabara kabla ya alfajiri na baada ya magharibi, hesabu ya umeme kwa mwezi, na pendekezo la nani apokee mita na nani apigiwe taa ikizimika. Kiambatishwe kipande cha muhtasari wa mkutano pamoja na orodha ya mahudhurio. Saini mia tatu za watu waliokutwa kwenye kijiwe cha bodaboda zina uzito mdogo kuliko muhtasari wenye mhuri, kwa kuwa muhtasari ndio unaoingia Kamati ya Kata, saini hubaki kwenye faili.

Nakala moja igongwe mhuri wa kupokelewa na irudi kwenye faili la Afisa Mtendaji wa Mtaa, isibaki nyumbani kwa mwenyekiti. Mwenyekiti huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na mwaka 2024 mitaa mingi ilipata viongozi wapya walioanza kuandika upya maombi ambayo tayari yalikuwa na namba ya kumbukumbu wilayani.